Maoni Kutoka Isiolo

Vumbi likiungua lina harufu yake. Runinga ya Mama Kendi ilikuwa ya zamani, ya mgongo mkubwa, na ikishawaka kwa robo saa, vumbi la Isiolo lililoingia kwenye matundu yake lilianza kuchomeka taratibu. Chumba kizima kilinuka kama nywele zilizoguswa na pasi. Mpaka leo nikipita karibu na fundi wa redio akichomelea nyaya, harufu hiyo hunirudisha kwenye mkeka wa Mama Kendi, nina miaka kumi, nimekaa mguu kwa mguu na nyanya yangu.

Sisi tulimwita Akoo, kama Waborana wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa amehamia kwetu mjini kutoka Kulamawe baada ya ukame kummalizia mbuzi. Kiswahili chake kilitosha kununua sukari na kumfukuza kuku. Zaidi ya hapo alinitegemea mimi. Kila Jumapili alasiri alijifunga leso, akanishika mkono, tukaenda kwa jirani yetu Mama Kendi, Mmeru aliyeuza miraa pale stendi na ambaye ndiye peke yake mwenye runinga katika ploti yetu. Fundi Abdi, mshonaji wa nguo, naye hakukosa. Alikuja kubisha tu. Hakuna kitu kilichoonyeshwa ambacho yeye alikiamini, hata habari za mvua.

Kipindi chenyewe kilihusu watu mashuhuri. Kila wiki walimchukua mmoja, mwanamuziki au mchezaji mpira, wakamtafutia asili yake: babu alitoka wapi, nyanya alikuwa nani. Chini ya kioo yalipita maoni ya watazamaji waliotuma ujumbe kwa simu, na kipindi kikianza mtangazaji alisoma machache ya wiki iliyopita. Mimi nilimtafsiria Akoo kila kitu kwa Kiborana, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Jumapili ninayowaambia ilikuwa ya mchekeshaji mmoja wa Nairobi ambaye sote tulimpenda. Mtu wa kuchekesha mpaka ubavu unauma. Siku hiyo hakuchekesha. Alipelekwa kwenye makao ya watoto huko Meru, mahali mama yake mzazi alipolelewa bila kujua kwao. Mtawa mmoja mkongwe akasema anamkumbuka aliyemzaa mtoto yule, yaani nyanya ya mchekeshaji. Alikuwa mwanamke wa kutoka huku kwetu chini, aliyeondoka na dereva wa lori la ng'ombe, Mkristo, kisha dereva akamwacha. Mwanamke akarudi kwao na mtoto mgongoni. Hawakumfungulia mlango. Akapanda tena Meru, akaugua kifua, akafa, na hakuna aliyekuja kumuulizia.

"Jina lake lilikuwa Talaso," mtawa akasema.

Mchekeshaji akafunika uso kwa kofia yake, akalia mabega yakitikisika.

Akoo aliweka kikombe chini. "Wamesema jina gani?"

"Talaso."

"Sema tena."

Nikasema tena kwa sauti, nikidhani masikio yake yamechoka.

Mama Kendi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Hao ni watu kweli?" akauliza. "Mtoto wa mwenyewe anakuja na mtoto mgongoni, na unamfungia? Hao hawana roho. Wafe wakitangatanga."

"Nyinyi mnalia bure," Fundi Abdi akasema. "Huyo sista amepewa maneno ya kusema. Na hata kama ni kweli, ngoja muone. Kesho kila mzee wa Biliqo na Merti atasema huyo kijana ni damu yake. Watu wanapenda jamaa akishakuwa na gari."

Nilimtafsiria Akoo yote hayo, neno kwa neno, yale ya Mama Kendi na yale ya Fundi Abdi. Kisha nikaongeza langu, ambalo hakuna aliyeniomba. Nilisema waliomfungia yule mama walikuwa watu wabaya kuliko fisi. Akoo alinisikiliza mpaka mwisho. Chai yake ikatanda utando, hakuinywa.

Tulipokuwa tunarudi alinisimamisha kando ya ukuta. Akaniomba nirudi kwa Mama Kendi niazime simu, nitume neno kwa wale watu wa kipindi. "Andika hivi," alisema. "Talaso alikuwa na dada. Yuko hai, yuko Isiolo, anaitwa Kabale."

Kabale ndilo lilikuwa jina lake mwenyewe. Wenzangu, sikumwamini. Sikuwahi kusikia nyumbani kwetu kwamba Akoo alikuwa na dada, na maneno ya Fundi Abdi yalikuwa bado yananichoma masikio. Nilimwona nyanya yangu ndiye mzee wa kwanza aliyetaka jamaa mwenye gari. Nikaona aibu, nikafikiria watakavyotucheka ploti nzima ujumbe ule ukipita chini ya kioo.

Mama Kendi alinipa simu bila kuuliza. Nikaandika maoni yangu mimi: "Waliomfukuza huyo mama Mungu awalipe. Kutoka Isiolo." Nikatuma. Nikamwambia Akoo tayari.

Wiki ile yote Akoo alikuwa mtu mwingine. Aliosha leso yake nzuri, ile ya Idi. Mara mbili aliniuliza kama kutoka Nairobi mpaka kwetu gari hufika kwa siku moja. Jumapili tulifika kwa Mama Kendi kabla hata runinga haijawashwa, na Akoo hakuegemea ukuta kama kawaida yake. Alikaa wima, mikono mapajani.

Mtangazaji alisoma maoni matatu. La tatu lilikuwa langu.

Niliruka. Sikuweza kujizuia. Maneno yangu yalikuwa yamesomwa Kenya nzima! Mama Kendi akapiga makofi kwa sababu Isiolo imetajwa. Akoo akanivuta mkono.

"Wametujibu? Wamesema nini?"

Hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya, lakini nilitambua kitoto, yaani niliogopa kupigwa tu. Nikamwambia kilichosomwa: waliomfukuza Mungu awalipe.

"Ni yeye amesema hivyo? Mtoto wa mtoto wake?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akoo akauachia mkono wangu. "Ni haki yake," akasema. Akasimama, akajifunga leso, akatoka peke yake. Hakurudi tena kwa Mama Kendi, na mimi nilifurahi kwamba hakunigombeza.

Aliishi miaka miwili zaidi. Nilikuwa mtu mzima tayari mama yangu aliponieleza. Talaso alipokuja Kulamawe hakwenda kwa baba yao. Alikwenda kwa dada yake, Kabale, aliyekuwa ameolewa na ana nyumba yake. Baba yao alikuwa amekataza, na Kabale akamwogopa. Alisimama ndani ameshika mlango, adhuhuri ile kali, akisikia Talaso akimwita kwa jina na kumuomba maji ya mtoto, mpaka sauti ikakoma.

Nimejaribu kumwandikia mchekeshaji. Kipindi kilikwisha zamani, na ile nambari haipatikani. Kwenye ukurasa wake watu wanaodai ukoo naye ni wengi, na wengine huwacheka vilevile alivyocheka Fundi Abdi. Ujumbe wangu uko hapo katikati yao. Miaka inakwenda, hajaufungua.

Nilipokuwa mtoto nilidhani Akoo anadai jamaa tajiri. Alikuwa anataka kusema yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya ule mlango, na mtu pekee aliyebaki wa kuambiwa alikuwa yule kijana.

Mama aliniambia jambo moja zaidi. Siku za mwisho Akoo alimwambia, "Nilimtumia neno akanijibu. Alisema Mungu anilipe." Mama aliniangalia, akauliza kama nakumbuka kitu kama hicho.

Nikasema sikumbuki.