Kitambaa Kilichokunywa Rubisi

Juzi jikoni kwa binti yangu, Bukoba mjini, niliona kitambaa kimening'inia kwenye beseni, nusu majini, nusu nje, kinadondosha maji sakafuni. Nikacheka mpaka magoti yakauma, haya magoti ya baridi ya kwetu Rubya, lakini hayo tuyaache.

Nilimkumbuka baba mdogo. Nikiwa mtoto, siku alipowatengea wakwe zake mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, asubuhi alinizaba kofi mbele ya majirani. "Mwizi! Umeionja!" Sikuionja. Wala hakuninusa mdomo.

Mchana nyumba ilinuka ndizi zilizochacha na nyasi mbichi tulizowatandikia wageni sakafuni. Nikatumbukiza ncha ya kitambaa cha jikoni mtungini, upande mrefu nikauacha nje, ukaning'inia hadi kwenye nyasi. Kilikuwa na samli, rubisi ikakikataa. Nilidhani kinamwogopa baba mdogo, kumbe ni mafuta tu. Nikakifua kwa majivu, nikakirudisha kibichi. Sasa rubisi ikapanda nyuzi taratibu, ikavuka ukingo, ikashuka tone kwa tone. Nyasi zikanywa kimya. Nilikaa pale naitazama, shavu bado linawaka, mpaka jioni nikakitoa.

Wakwe wakaketi. Baba mdogo akachota, kata ikakwaruza kitako cha mtungi.

"We mtoto! Umeimaliza!"

"Safari hii ninuse, baba mdogo."

Akainama mbele ya wakwe, nikampulizia puani. Maharage matupu.

"Basi mnywaji ni nani, mwanangu?" mkwe mzee akamuuliza baba mdogo.

Nimeungama mengi kanisani. Hilo sijaligusa.