Kilo za Haraka

Siku hiyo nyumbani tulikuwa watu watano, na nitawataja wote, maana kila mmoja wao leo anadai kwamba hakucheka. Mimi, mzaliwa wa kwanza, nilikuwa nimeketi kwenye ukingo wa kitanda na kitambaa chenye maji kichwani. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, mshonaji, alikuwa amesimama mlangoni na mita yake ya kupimia nguo shingoni. Ndugu yetu wa tatu, ambaye kazi yake ni kubeba watu kwa pikipiki, alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta akijipangusa jasho. Kitinda mimba wetu, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, alikuwa bado na koti lake jeupe la mazoezi. Na jirani yetu, mama wa Butembo anayeuza maharage kwa jumla, alikuwa ameegemea balansi yake ya chuma, ile anayopimia magunia, iliyokuwa imesimama katikati ya chumba chetu kama mgeni wa heshima.

Asubuhi ile nilikuwa nimeanguka kazini. Ninapika maharage na wali kwenye kibanda kando ya barabara, na nilipoinama kupuliza makala, yale makaa ya jikoni, dunia ikazima. Kwa bahati niliangukia upande wa gunia la makala, sio upande wa sufuria. Wateja walinimwagia maji, mmoja wao akampigia simu ndugu yangu wa pikipiki, naye akanifunga kwa kitenge mgongoni mwake ili nisidondoke, akanileta nyumbani, mtaa wa Katoyi, juu ya mawe yote ya volkano bila kuruka hata moja.

Kitinda mimba alinipima presha, akaninywesha chai yenye sukari, akanikatia ndizi, kisha akauliza swali moja tu. Aliuliza ni lini mara ya mwisho nilikula chakula cha kweli. Nikafikiri. Kule kufikiri ndiko kulikonisaliti.

Mambo yalianza hivi. Kabla ya Kwaresima nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kinanigonga kila jioni. Muuguzi alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena. Akasema presha imepanda. Akanipa dawa, akasema nipunguze uzito, akaniambia nirudi Alhamisi tuzungumze vizuri juu ya chakula. Alhamisi ni siku ninayopokea makala. Sikurudi. Katika maneno yake yote nilikuwa nimeshika moja, punguza, na hilo niliona nimelielewa.

Sikuogopa kifo chenyewe. Niliogopa kuwaacha wale watatu yatima mara ya pili, ingawa mmoja wao ana watoto wanne na mwingine ameanza kuota mvi. Tulibaki peke yetu wakati wa vita, njiani, tukishuka kutoka milima ya Masisi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Darasa la sita nililiacha huko juu pamoja na daftari, na kitinda mimba nilimbeba mgongoni hata mwaka hajamaliza. Tangu siku ile nilijua mwendo mmoja tu: lazima tufike leo. Nilipika kwa mwendo huo, nilifua kwa mwendo huo, nilisomesha wadogo zangu kwa mwendo huo. Sasa nikataka kukonda kwa mwendo huo. Balansi ya kituo ilikuwa imesema kilo tisini na saba. Nikaamua kutoa kilo moja kila siku, Pasaka inikute nimemaliza.

Kwaresima ilinifaa. Wengine walifunga mchana na kula jioni. Mimi nilifunga mchana, na jioni nilikunywa chai kavu nikasema nimeshiba neema. Dawa ya presha niliimeza tumbo likiwa tupu. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu nani amuulize mtu kuhusu sala zake?

Nilichosahau ni mtaa wetu. Kwetu hakuna mtu anayekonda kwa hiari. Mwanamke ambaye libaya lake, blauzi yake ya kitenge, linaanza kumlegea ana jambo moja kati ya matatu: njaa, ugonjwa, au mume mbaya. Mume sina, kwa hiyo watu wakabaki na mawili. Shirika letu, ndilo kundi la majirani tunaosali pamoja, likakutana bila mimi. Siku ya tisa ya mfungo wangu wakaja kwa mstari, wakiimba polepole, na kikapu kichwani: unga wa mahindi, maharage, na kidumu cha mafuta ya mawese. Wakakiweka miguuni pangu. Mama mmoja akalia.

Ilikuwa wiki zile ambazo wakimbizi walikuwa wanaingia mjini kila siku na magodoro kichwani, wakajaza madarasa ya shule iliyo karibu na parokia. Kikapu kile kilikuwa kimekusanywa kwa ajili yao. Shirika lilipotazama shingo yangu, likakigeuzia njia. Nilipaswa kufungua kinywa siku ile. Badala yake nikasema Mungu awabariki, nikakisukuma chini ya kitanda, na siku tatu nililala juu ya maharage ya watu nikiwa na njaa.

Haya yote niliyaeleza siku niliyoanguka, nikitazama sakafu. Nilipomaliza, mama jirani, ambaye kumbe ndiye aliyetoa maharage ya kikapu kile, akakohoa.

"Kumbe nilikuwa ninalisha mutu anayekimbia chakula," akasema. "Panda balansi tuone kama umefika."

Ndiyo sababu balansi ilikuwa pale. Nikapanda. Wakasogeza vyuma, wakainama wote kusoma. Kilo tisini na moja. Kwa siku kumi na mbili nilikuwa nimetoa sita, na ninakiri kwamba niliona fahari kidogo, hata na kile kitambaa kichwani. Ndugu yangu wa pikipiki akasema yeye amenibeba asubuhi ile na hakuona tofauti, gurudumu la mbele bado lilitaka kutazama mbingu. Hapo ndipo walipocheka, wote wanne, na anayekataa anadanganya.

Kitinda mimba ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, akaniita Yaya, jina letu la dada mkubwa.

"Yaya, ile haiko kupunguza uzito," akasema. "Ile ni kukimbia tena. Nani anakufuata?"

Nikamjibu kwamba presha ndiyo inayonifuata, na kwamba niliambiwa nipunguze.

"Hizi kilo zilikuja siku moja?"

Nikamtazama vibaya sana, kwa sababu maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya mama muuguzi wa kambini, kule tulikokimbilia kutoka Masisi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia mara mia. Kitinda mimba alipokuwa mdogo, njaa ya kambi ilimkausha hadi ngozi ikamkaa kama nguo ya mtu mwingine. Walikuwa wanamning'iniza kwenye mizani ya kamba, wakimpa maziwa kidogo sana, kikombe baada ya kikombe, kwa saa. Mimi niliona wananichelewesha. Nikaiba bugali, nikamlisha kwa kidole mpaka akashiba, na usiku huohuo aliharisha karibu anitoke. Yule mama hakunipiga. Aliniuliza tu nataka anone kwa siku ngapi, na kama njaa yake ilikuja siku moja. Tangu hapo nilijifunza kufurahia gramu. Mtoto akiongeza kidogo kwa wiki, nilicheza mbele ya hema.

Na leo mtoto yuleyule, na ndevu zake, ananirudishia masomo yangu.

Jumatatu alifunga safari nami hadi kituo cha afya, akanishika kiwiko kama ninayekwenda kutoroka. Muuguzi alinikumbuka. Akasema alikuwa na maneno ya Alhamisi ambayo sikuja kuyachukua, na akayatoa yote. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Ikifika kilo moja, hapo ni mwisho, nisitafute zaidi. Nile mara tatu, na dawa niimeze kama alivyoandika, nisiiruke wala kuiacha. Lengalenga, yaani mchicha, na kabichi zichukue nusu ya sahani, bugali lipungue liwe kama ngumi yangu, mafuta yaingie sufuriani kwa kijiko badala ya kumiminwa. Nitembee kila siku, mwendo ambao bado ninaweza kuongea lakini siwezi kuimba. Nijipime mara moja kwa wiki tu. Kizunguzungu kikirudi, nirudi kwake siku hiyohiyo.

Nikapiga hesabu kichwani. Kutoka pale nilipokuwa hadi kilo themanini na mbili alizotaja yeye, kwa nusu kilo kila wiki, ni miezi na miezi. Nikamwambia kwa muda huo mtu anaweza kushika mimba na tumbo likaonekana. Akasema basi nichukulie ni mimba, tofauti ni kwamba tumbo linaenda upande mwingine.

Jumapili ya kwanza nikapanda balansi ya mama jirani nikitegemea sifa. Nilikuwa nimepanda kwa kilo mbili. Nilishuka nikitaka kuipiga teke. Kitinda mimba alieleza kwamba sehemu kubwa ya kilo za haraka ilikuwa maji, na maji yamerudi kwao. Sasa ndipo tunaanza kweli. Akachukua kipande cha makala, akaandika 93 kwenye mbao za ukuta nyuma ya mlango. Mdogo wangu mshonaji naye akatangaza hatapunguza libaya langu lolote kabla ya miezi mitatu, kwa sababu hataki kushona nguo ya mtu ambaye hajaamua anakaa wapi.

Kutembea kulikuwa na aibu yake. Ndugu yangu wa pikipiki alikataa kabisa kunipeleka kazini. Asubuhi alikuwa akinipita, akipiga honi, abiria wake mwembamba nyuma, akiniuliza kama mama anaweza bado kuongea. Nilikuwa ninaweza, na nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lakini kitu kigumu kuliko kutembea kilikuwa mabaki. Muuguzi aliniuliza ninakula nini, nikamtajia sahani zangu, akaona ni za kawaida. Mdogo wangu mshonaji ndiye aliyesema ukweli: kila jioni nilikuwa ninamalizia kilichobaki sufuriani na kwenye sahani za wale watoto wanne, nikiwa nimesimama. Aliyewahi kupanga mstari wa chakula kambini hawezi kumwaga punje. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejifanya pipa, nikiita jambo hilo kutunza.

Na hapo kikapu kikanirudia. Nilikuwa nimekwenda shirika kuungama mbele ya wote, na nilitarajia hasira, lakini walicheka mpaka katekista akashika ukuta. Wakasema kikapu nikiache, yamekwisha. Kukirudisha kusingewezekana hata hivyo: siku nilipoanguka, wadogo zangu walikivuta kutoka chini ya kitanda wakaanza kunipikia, na mafuta yote yaliingia kwenye sombe, kisamvu chetu, ya kunifufua. Shirika likasamehe. Ila waliopaswa kukila walikuwa bado kwenye madarasa ya shule, wamelala kwenye saruji, na wao hakuna aliyewauliza kama wanasamehe.

Nilitaka kulipa siku moja. Nilikuwa tayari nimemwambia mama jirani anipimie gunia zima kwa mkopo. Akaweka mkono juu ya gunia lake.

"Umeanza tena?" akasema. "Lipa kama unavyokonda."

Basi ndivyo tulivyofanya. Kila jioni, kabla mtu hajaketi, ninatoa sehemu ya sufuria wakati bado inafuka, ninaifunika, na ninaipeleka kwa miguu kwa mama mmoja mwenye watoto watano katika darasa la pili la shule ile. Ninatoa kabla ya kula, yasije yakaitwa mabaki. Ni safari ya nusu saa kwenda na kurudi, na ninaongea njia nzima. Mara ya kwanza yule mama alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza kama nimeshiba kweli. Nikamwambia ndiyo. Kwa mara ya kwanza baada ya Kwaresima ile, neno hilo halikuwa uongo.

Namba za makala nyuma ya mlango zimepanda na kushuka. Kuna wiki tatu ambazo risasi zilisikika upande wa kaskazini na hakuna aliyetoka kutembea. Hapo nimeandika 89 mara mbili, na juu yake mara moja 90. Kitinda mimba hakunigombeza. Alisema tu nisifute. Mwezi uliopita muuguzi alifunga mkono wangu, akapuliza mara moja, hakurudia. Akasema presha imetulia, dawa niendelee nayo. Wadogo zangu watatu walikuwa wananisubiri nje kwenye benchi kama watoto, na nilipotoka walinitazama usoni kabla ya kuuliza.

Jumapili iliyopita balansi ilisema themanini na sita. Unga wa kikapu nimeulipa, nilivyouhesabu na mama jirani. Maharage nayo nimeyamaliza, na yeye ameongeza vikombe viwili vya kwake akidai mkono wake wa kupima ni mchoyo. Zimebaki kilo nne za mwili, na mafuta ya kikapu. Mafuta ndiyo yananisumbua, kwa sababu siku hizi ninapika kwa kijiko, na kidumu kile kilikuwa cha lita tano.