Tonge la Kwanza

Kwa akina Adriano kule Mollo, kijiji cha Sumbawanga, mwenye chakula ndiye anayetangulia kula. Mgeni ananawishwa mikono na kukaribishwa vizuri, lakini mkono wake unangoja. Mwenye nyumba, au binti aliyepakua, anamega tonge, analichovya kwenye mboga, analitafuna na kulimeza watu wote wakiona. Ndipo anasema karibuni. Hata pombe ya ulezi ni hivyo hivyo, aliyeipika anapiga funda la kwanza, halafu kata inazunguka. Hapo hakuna fumbo. Ni kumwambia mgeni kwamba hapa hakuna ubaya, na kama upo, basi uanze na mimi. Bertilla, binti wa Adriano na Kristiana, aliishika adabu hiyo kabla hajashika kalamu.

Sasa ichukue adabu hiyo uipeleke India, uiweke mbele ya Watanzania wenzako, halafu uone watakavyoigeuza!

Ilikuwa mwaka tisini na mbili, enzi za ruksa. Soko la Sumbawanga lilikuwa limefurika mitumba na sabuni za kila rangi, na watu waliokuwa wakipigana vikumbo kwenye foleni ya sukari walishaanza kuisahau foleni yenyewe. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa mjini, jambo ambalo zamani lisingesemwa hata kwa kunong'ona. Bertilla alifaulu masomo yake ya sayansi, akapata nafasi ya kwenda kusomea ufamasia katika mji wa Pune. Mollo yote ilifurahi. Misa ikasomwa, kuku wakachinjwa, na mjomba wake Polikarp, kaka yake Kristiana, akampakia kwenye baiskeli yake mwenyewe hadi stendi, sanduku likiwa limefungwa kwa kamba za mpira. Njia nzima mzee wa watu alikuwa akihema na kumtania kwamba akirudi asipomletea dawa ya magoti atamdai hiyo nauli.

Huko Pune alipokelewa kwa mikono miwili, hilo tusilifiche. Alipangiwa nyumba moja na Rahel wa Musoma na Debora wa Dodoma, wote wawili wametangulia mwaka mmoja. Walimbebea mizigo, wakamwonyesha bafu na kumfundisha kuvuka barabara ya kule, ambayo ni kazi ya kujifunza kweli. Jioni walipokaa kunywa chai, Debora akauliza swali ambalo Watanzania hatuwezi kulala bila kuuliza.

"Haya mwenzetu, kwenu wapi?"

"Sumbawanga."

Wakatazamana, kisha Debora akapasuka kwa kicheko. "Weee! Sasa umekuja na ndege au na ungo?"

"Na anasomea dawa!" Rahel akadakia, akijifuta machozi ya kucheka. "Dada, za kwenu hazikutoshi?"

Bertilla naye akacheka. Utani ni utani, na mgeni asiyecheka huonekana ana kiburi. Lakini mimi sicheki! Nchi nzima ina huo ugonjwa. Mtu hajafika hata Tunduma, lakini Sumbawanga anaijua kama mfuko wake wa shati: kwamba ni wachawi watupu, kwamba radi inatumwa kama unavyomtuma mtoto dukani. Ukimuuliza nani kamwambia, anakuambia wanasema. Hao wanaosema ukiwatafuta huwapati.

Miezi ya kwanza ilimtesa. Joto lilimkaba mtu aliyezaliwa kwenye upepo wa baridi wa Ufipa, ambako asubuhi hata mbuzi wanaota jua. Pilipili ilimtoa machozi, na maji ya bomba yakamwendesha tumbo wiki nzima, kama yanavyomwendesha kila mgeni wa mji ule. Darasani mwalimu alizungumza Kiingereza cha haraka haraka, naye akawa anaitikia tu kwa kichwa kama wenzake. Usiseme ugali. Alikuwa akiuota.

Basi siku moja, sokoni, akaona gunia limefunguliwa mdomo. Akasimama. Akaingiza mkono ndani, punje ndogo nyekundu zikamtiririka vidoleni. Ulezi! Muuzaji aliuita nachni, lakini ulezi ni ulezi hata ukiuita kwa jina gani, na Bertilla nusura amkumbatie yule mama wa Kihindi. Akanunua, akasagiwa, akaenda nyumbani anakimbia. Siku hiyo ndiyo alisema moyoni kwamba sasa nimefika, sasa nitaishi na watu.

Jumapili akawaalika Rahel na Debora, na pia Enock, aliyekuwa mwenyekiti wa wanafunzi wa Kitanzania pale mjini. Akasonga ugali wa ulezi wa rangi ile ile ya nyumbani, mweusi kama udongo wa bondeni, na kuku wa mchuzi. Akawanawisha. Wale watu waliozoea ugali mweupe wa sembe wakautazama ugali ule. Kisha Bertilla akafanya kama alivyolelewa. Akamega tonge, akachovya, akala, akameza, akatabasamu.

"Karibuni."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Dada," Debora akasema taratibu, "mbona umetangulia wewe?"

"Ndiyo desturi ya kwetu. Nawaonyesha kwamba hakina kitu."

"Hakina kitu gani?"

Lo! Hapo ndipo alipojikwaa maskini wa Mungu. Nyumbani neno hilo lingepita bila kushtua hata kuku. Lakini mbele ya watu ambao tayari wana jambo vichwani, ukisema chakula hakina kitu umeshawaambia kwamba kingeweza kuwa nacho. Bertilla alijaribu kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama. Enock akakumbuka ana kikao. Debora akasema kichwa kinamuuma. Rahel peke yake alimega kidogo, kwa haya, akameza kama anayemeza kidonge.

Kesho yake tumbo la Rahel likaharibika.

Ni maji. Kila mtu pale alikuwa anajua kwamba ni maji! Lakini ikaenea kwa Watanzania wote wa Pune kwamba msichana wa Sumbawanga alikula upande anaoujua yeye, akawaachia wenzake upande mwingine. Kuanzia hapo masufuria yakatengwa. Akiingia jikoni, wenzake wameshakula chuoni. Akipika chai, mwenzake hanywi chai siku hizi, daktari amemkataza. Mawingu ya kwanza ya masika ya kule yalipopasuka na radi ikapiga mti wa jirani, kuna kijana alimwambia mbele za watu, "Dada, hebu mwambie aliyekutuma apunguze." Watu wakacheka, lakini wakasogea pembeni. Bertilla alikwenda kujifungia bafuni akalia hadi macho yakavimba.

Siku moja akashindwa kuvumilia, akamkabili Rahel. "Rahel, niambie kweli. Nimekukosea nini?"

Rahel hakuwa mtu mbaya. Akavuta kanga yake, akasema, "Hujanikosea, dada. Najua ni ujinga. Basi tu, naogopa."

Tusi lingemuuma kidogo kuliko hilo. Tusi unalirudisha. Mtu anayekuogopa huku akijua ni ujinga utamfanya nini? Bertilla alifikiria kurudi nyumbani. Alifunga sanduku kabisa, akalikalia, akawaza jinsi atakavyomweleza Adriano kwamba ameacha shule kwa sababu watu hawali ugali wake. Akaona aibu. Akalifungua tena.

Mwaka wa pili akahamia upande mwingine wa mji, wakaja Watanzania wapya wasiomjua. Wakauliza lile swali letu.

"Kwetu Mbeya," akajibu.

Akapika tena, safari hii wali. Akapakua, akaketi, akaweka mikono yake miwili chini ya mapaja akaikalia, maana ilikuwa inataka kwenda yenyewe. "Anzeni tu," akawaambia, "mimi baadaye." Wakaanza. Wakala mpaka ukoko. Na yeye, aliyekuwa na njaa tangu asubuhi, hakuonja hata punje.

Lakini binadamu huzoea. Mara ya pili ikawa nyepesi, mara ya kumi mikono ikatulia yenyewe mezani. Akawa Dada Bertilla wa Mbeya, mtu wa watu, nyumba haikauki wageni. Siku ya Uhuru ya mwaka wake wa mwisho yeye ndiye aliyeongoza mapishi kwa Watanzania wote wa mji ule. Rahel naye, aliyebaki peke yake kati ya wale wa zamani akiongeza masomo, alikuja, sahani mkononi. Alipakuliwa, akala akiwa amesimama, akamaliza. Akainama sikioni mwa Bertilla akasema, "Sijamwambia mtu unakotoka."

"Asante," Bertilla akasema. Akamshukuru kweli, kwa moyo wote, na baadaye akakosa raha kwa kuwa amemshukuru.

Mwaka tisini na sita akarudi na shahada yake. Ilishapangwa kwamba atafungua duka la dawa mjini, mtaa wa Mazwi, na watu wa Mollo wasingehangaika tena kutafuta dawa. Kwanza ikasomwa misa ya shukrani. Baada ya misa wazee wakaja kwa Adriano, Polikarp akiwa mbele na magoti yake. Kristiana alitaka apike yeye, Bertilla akakataa katakata.

"Mama, leo kaa. Leo nawapikia mimi."

Akasonga ugali wa ulezi. Akapika kuku na samaki wa migebuka waliotoka ziwani Kasanga, akatia na viungo vya India alivyokuja navyo, mchuzi ukawa wa njano unaonukia harufu ambayo ua lile halijawahi kuisikia. Akapiga magoti akawanawisha wazee mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo mjomba, nao wakamwitikia kwa furaha wakimpigia makofi madogo ya viganja. Akaweka chakula katikati. Padri aliyesoma misa alishaondoka, hivyo Adriano ndiye aliyesali. Bertilla akaketi kwenye mkeka, akakunja mikono yake mapajani, akawatazama watu wake kwa upendo mkubwa.

"Anzeni tu, wazee wangu. Mimi baadaye."

Wazee wakaitazama mikono yake iliyokunjwa.

Alidhani wanaona haya. "Pilipili ni kidogo tu," akawaambia. Hakuna mkono uliosogea. Ilikuwa mikono mingi ya wazee, yenye sugu za jembe, imetulia juu ya magoti yao. Ya Adriano pia.

Polikarp akakohoa. "Mjomba, huko ulikuwa unasomea dawa, siyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Dawa za kila namna?"

"Za kila namna," Bertilla akajibu kwa fahari, na wazee wakatazama chini.

Kristiana, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeelewa. Sauti yake ilitoka ndogo sana. "Mwanangu, hujaonja."

Bertilla alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Mkono ukaruka, akamega tonge, akachovya, akalitia mdomoni, akalitafuna huku machozi yanamshuka. Akameza. Akamega jingine. "Nilisahau," akasema. "Mjomba, nilisahau tu. Kule hawafanyi hivi. Nilisahau, jamani!"

Lakini tonge la kukumbushwa si tonge. Mtu anayesahau kufunga mlango, sawa. Mtu anayesahau hilo, tena mbele ya baba yake, wazee wale walikuwa hawajamwona. Polikarp akainuka, magoti yakalia. "Tumeshiba, mama," akasema kwa upole wote. "Misa ilikuwa ndefu, neno la Mungu limetushibisha." Akapiga viganja vyake kuaga, kwa heshima kabisa, bila hasira hata chembe. Na wengine wakapiga viganja, wakainuka mmoja baada ya mwingine, wakatafuta fimbo zao, wakashika njia. Hakuna aliyesema neno baya, na ni afadhali wangesema.

Wakabaki watatu na kile chakula chote. Kristiana akaingia ndani, ikasikika akipangapanga vyombo visivyohitaji kupangwa. Adriano akavuta sinia karibu yake, akamega tonge kubwa, akala. Akala tena. Mchuzi wa njano ulimchafua vidole, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akaendelea kula kama mtu aliyetoka kulima.

Bertilla alimtazama baba yake hadi machozi yakakauka.

"Baba, na wewe uliogopa?"

Adriano akamega tonge jingine, akalichovya, akalitia mdomoni. Akatafuna polepole, macho yakiwa kwenye sinia, na alipomaliza akamega jingine tena.