Nilivyomchagulia mdogo wangu caliber ya bastola nikiwa lindoni Doha

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi ni jirani yenu kutoka Kenya.

Juzi nimewaona mkibishana humu, bastola ya 9mm na ya .45 ipi inafaa kubeba kiunoni kwa kujilinda. Nikasema leo niandike. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sitatia chumvi. Karibu yanitoe kazini, lakini kazi ndiyo ilikuwa kitu kidogo.

Kabla ya Qatar nilikuwa polisi miaka sita. Silaha nazijua. Na nikianza kuongea silaha huwa sinyamazi, hiyo ni shida yangu tangu zamani.

Doha nilikuwa security kwenye jengo la maofisi. Bunduki hakuna, mlinzi anapewa redio na kiti, na ukikutwa umekalia hicho kiti ni warning. Post yangu ilikuwa geti namba tisa, la magari ya mizigo. Waarabu nao tisa wanaitamka karibu kama sisi, kwa hivyo kila mtu aliliita geti la tisa na tukaelewana.

Sasa, mdogo wangu ana hardware Nakuru. Majambazi walikuwa wamemwingilia mara mbili. Akaomba leseni ya bastola, ikatoka. Asubuhi moja nikiwa duty akanitumia voice note:

"Bro, leo saa nane naenda kuchukua ile kitu. Wako na .38, 9mm na .45. Nichukue gani?"

Note ilikuwa ya dakika nne. Nilisikiliza kama dakika moja, swali likanikolea, nikaanza kujibu. Zile dakika tatu zilizobaki sikuzigusa.

Nikajifanya mjanja. Badala ya bastola nikasema "mguu wa kuku", ndio mtu asielewe. Nikamwambia: achana na .45, itakurusha mkono na risasi ya pili utaipeleka kwa jirani. .38 si mbaya, lakini inabeba chache, na kujaza ukiwa umeshtuka ni kazi. Chukua risasi ya tisa. Ukubwa si hoja, hoja ni ile unaweza kulenga nayo ukapata. Umenisikia? Risasi ya tisa.

Nilituma note tatu. Raha tupu.

Kumbe supervisor wetu, Mwarabu, amesimama nyuma ya lori.

Wakuu, sisi tukiwa Uarabuni tunaongea Kiswahili tukidhani tuko ndani ya nyumba imefungwa. Risasi kwa Kiarabu ni rasas. Kuku hakumwelewa, lakini risasi na tisa alizielewa vizuri sana. Na zinatoka kwa mlinzi wa geti la tisa.

Akaninyang'anya simu. Saa nne na nusu nilikuwa kwa ofisi ya mudir, meneja wa usalama, nimesimama, watu wawili mlangoni. Nikieleza kwa Kiingereza, supervisor anasema "rasas, tisa". Mudir ananiangalia tu. Akasema wamsubiri mtu wa kutafsiri, na asipotosheka ataita polisi.

Niliogopa, sitawaficha. Mganda mmoja tuliyelala chumba kimoja Al Rayyan alipelekwa airport na uniform mwilini kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mtafsiri alifika saa nane kasorobo. Mzee wa Kiomani, amekulia Unguja. Nikamwamkia shikamoo, salamu ambayo sisi Wakenya wa bara tuliiacha primary. Akaitikia marahaba, akakaa, akasikiliza note yangu moja.

"Haya mwanangu, huo mguu wa kuku ndio kitu gani? Maana kuku mwenyewe simsikii humu."

Nilifikiria kumdanganya. Nikaona nikishikwa na uongo hapo nimekwisha. Nikamwambia ni bastola, ni ya mdogo wangu, ana leseni, yuko Kenya.

"Basi tusikilize zote. Tangu ya kwanza."

Akaanza na ile ya mdogo wangu. Dakika ya kwanza akatafsiri. Ya pili akatafsiri, ni mambo ya majambazi. Halafu sauti ya mdogo wangu ikashuka:

"Bro, kusema ukweli si majambazi tu. Tangu mama watoto aende nao, hii nyumba imenishinda. Kuna siku nafikiria vibaya. Sijui kama niwe na hiyo kitu karibu. Wewe niambie, nichukue ama niiache. Ukisema nichukue, nitachukua."

Mzee akaisimamisha note. Mudir akamuuliza anasema nini. Mzee akamweleza polepole kwa Kiarabu. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

Mudir hakuniuliza lingine. Akanisukumia simu.

Mzee akasema, "Mpigie. Sasa hivi."

Saa yetu na ya nyumbani ni moja. Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Nikapiga, haikushikwa. Nikapiga tena, haikushikwa. Nilianza kulia mbele ya wanaume watano na sikujali. Mara ya tatu akashika.

"Niko counter, nasaini," akasema.

"Usisaini. Weka kalamu chini, utoke nje."

"Si umesema tisa?"

Wakuu, hayo maneno bado nayasikia hadi leo.

Nikamwambia nilisema upuzi, sikuwa nimemsikiliza. Nikakaa naye kwa simu mpaka dada yetu akafika kumchukua. Alikaa kwa dada miezi, akapelekwa kuongea na washauri nasaha. Leseni akairudisha mwenyewe.

Mimi nilipewa warning letter na kuhamishwa geti. Haki yao.

Kwa hivyo endeleeni kubishana. Mimi bado ni mtu wa tisa, hapo sijabadilika. Lakini mtu akikuuliza achukue gani, muulize kwanza siku hizi analala vipi, na umwache amalize kuongea.

Mwenye swali aniulize, mwenye matusi pia nitamsoma. Mdogo wangu yumo humu, ndiye aliyeniruhusu kuandika, na akitaka atawajibu mwenyewe.