Ufa Niliouziba kwa Uzi

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu, na mke wangu asije akanisikia. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, nina kibanda cha ufundi hapa Magarama, mjini Gitega, natengeneza fimbo za kuvulia samaki. Chini naweka mwanzi, kwa sababu ni mwepesi na unakaa vizuri mkononi. Juu naweka faiba, kile kijiti chembamba cha nyuzi za kioo kinachopinda bila kukatika. Vijiti hivyo nilivitoa kwenye mahema chakavu yaliyokuwa yakiuzwa sokoni. Watu walinicheka, wakasema nafungisha ndoa mwanzi na hema. Mimi nikavimba kichwa, maana mjini hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi ile.

Kazi yote iko kwenye kiungo. Unatoboa mwanzi ndani, unasugua faiba kwa msasa mpaka iingie kwa kubembelezwa, unatia gundi, kisha unazungushia uzi na kupaka vanishi. Uzi alikuwa akiuzungusha mke wangu, Zaituni.

Siku hiyo tulikuwa na fimbo ya Mzee Petero, mkulima wa Buhinyuza, kule Muyinga. Alikulia Tanzania, akarudi nyumbani na mapenzi yake ya kuvua kambare. Aliagiza mwanzi uwe mnene na umfike kifuani. Sikumwuliza kwa nini. Faiba ilikuwa bado nene kidogo, nami nilikuwa nimechoka kusugua. Nikaisukuma kwa nguvu, na mwanzi ukalia: ta!

Zaituni akainua kichwa. "Kuna kitu imelia. We umesikia?"

"Ni kiti tu."

"Kiti? Mi naona ni mwanzi."

"Zaituni, we funga uzi. Mambo ya mwanzi mi ndiyo najua."

Mwanangu, nilisikia. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, nikaufunika kwa gundi kabla hajauona. Ni kweli mwanzi ule niliutoa bonde la Giheta, nikaukausha darini miezi mingi, na sikuwa na mwingine. Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilishajisifu mbele ya mke wangu, tena si mara moja, kuwa mkono wangu haukosei. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, tena vizuri sana, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Uzi mwekundu, vanishi mara tatu, fimbo ikang'aa. Nikampa dereva wa basi dogo la Muyinga aifikishe.

Siku ya tatu akapiga simu Anastazia, binti wa mzee, anacheka kwa furaha. "Fundi, asante sana! Baba anaipenda mno. Si unajua goti lake bovu? Sasa anaiegemea hiyo hiyo akishuka mtoni. Kesho anaenda Ruvubu."

Ukingo wa Ruvubu kule ni udongo unaoteleza, na majini kuna mamba, hakuna mtu wa Buhinyuza asiyelijua hilo. Nilipaswa kumwambia palepale. Nikasema, "Haya, dada, nashukuru," nikakata. Nilipojikaza nipige tena, simu yake ilikuwa imezimwa, na ikabaki imezimwa.

Asubuhi nikapanda gari la kwanza. Zaituni akaniuliza naenda wapi, nikasema nina kazi Muyinga. Uongo wa pili huo, kwa ajili ya kuulinda wa kwanza. Gari lilisimama kila mahali kuchukua watu na magunia, na kila liliposimama nilimwona mzee akiteleza. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sijayarudia tena. Kutoka Muyinga nikachukua pikipiki mpaka kwao.

"Ametoka sasa hivi kwenda mtoni," Anastazia akasema. "Kuna nini, fundi?"

Nilikimbia.

Nikamkuta katikati ya mteremko, amenipa mgongo, uzito wake wote uko juu ya fimbo yangu, vidole vyake vimekamata ule uzi mwekundu. Maji yalikuwa hatua chache chini yake. Nikataka kupiga kelele, nikaogopa. Akishtuka, ataikandamiza zaidi. Nikaona sina la kufanya ila kuyasema maneno yaleyale niliyoyakimbia.

"Mzee Petero," nikasema polepole, "usigeuke. Usiiegemee hiyo fimbo. Ina ufa. Niliusikia, nikauficha."

"Mbona naiona nzima?"

"Si nzima, mzee wangu. Kaa chini. Kaa taratibu."

Akakaa kwenye tope. Nikateremka kwa makalio mpaka nikamshika kwapani, tukapanda kwa kujikokota. Tulipofika juu akaisimamisha fimbo, akaniambia niiegemee. Nikaiegemea. Sikuwa hata nimemaliza kuweka uzito wangu ilipopasuka kwenye kiungo, kibanzi kikanichana kiganja.

Mzee akaitazama damu, akautazama uzi.

"Kijana, mwanzi kupasuka si ajabu. Hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa ulivyoufunga vizuri. Ungeufunga ovyo, ningeuona mwenyewe."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma kama maneno yale. Nilirudi Gitega nikamweleza Zaituni kila kitu, kiganja kimefungwa kitambaa. Nilitegemea anifokee. Badala yake akasema, "Na mi nilisikia, nikanyamaza. Siku ingine sinyamazi." Na kweli, mpaka leo hanyamazi. Ananichosha, lakini namshukuru.

Basi, mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Utaharibu kazi, kwa maana hakuna fundi asiyeharibu. Ukiharibu, sema kazi ikiwa bado mezani. Aibu ya hapo ni ndogo, utacheka nayo jioni. Ukiiacha ikasafiri, utaifuata mbio na huenda usiikute. Na mwenzako akikuuliza kama umesikia, usimwambie afunge uzi. Mwulize yeye kasikia nini. Mimi Mungu alinihurumia, nikafika mzee akiwa bado amesimama, na bado naogopa nikiwaza lile gari lingechelewa kidogo tu.

Mungu akujalie ustadi wa mikono. Na siku mkono wako utakapokosea, maana utakosea, akujalie kuona aibu mapema, yule ambaye angeumia akiwa bado salama nyumbani kwake. Amina.