Yoga Niliyoibeba Kutoka Thika

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Alikuwa msichana. Mkunga alimfunga kwa kitambaa akamkabidhi mama mkwe wangu, na mimi sikuona kitu ila kisigino kimoja kilichotokeza nje. Wiki chache baadaye nilirudi kazini Thika. Mume wangu alisema kukaa nyumbani kunanimaliza, na kweli nilikuwa nimeanza kusahau kula.

Nilikuwa yaya katika nyumba ya Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa. Yeye, mkewe na watoto waliishi nyuma ya duka, kwenye vyumba vilivyozunguka ua wa saruji. Pamoja nao aliishi mama yake mzee, aliyekuja kutoka India baada ya kufiwa na mumewe. Nyumba nzima ilimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Ba alitandika mkeka uani, akajinyoosha, akajikunja, kisha akaketi kimya macho yakiwa yamefumbwa. Nilidhani ni sala. Nilikuwa nikipita na ndoo yangu kwa kunyata ili nisimkatize.

Asubuhi moja mtoto mdogo wa nyumba hiyo alilia, na maziwa yakanitoka. Yalilowesha nguo yangu mpaka kiunoni. Nilikimbia nikajificha nyuma ya tangi la maji, na huko ndiko Ba alikonikuta.

"Toto yako wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Alikufa, Ba."

Hakunipa pole. Alinishika mkono akanikalisha kwenye mkeka wake, akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu. Tangu nijifungue hakuna mtu aliyekuwa amenigusa hapo, hata mume wangu.

"Vuta pole pole," alisema. "Sasa wacha iende. Tena."

Nililia kwa sauti. Mke wa mwenye duka alichungulia kutoka jikoni, Ba akampungia mkono aondoke. "Lia," akaniambia. "Lakini pumua."

Ndivyo nilivyoanza yoga, ingawa jina lenyewe nililisikia baadaye sana. Kuanzia siku hiyo alinitandikia gunia safi kando ya mkeka wake. Alinifundisha kujinyoosha mgongo kama paka, kusimama kwa mguu mmoja bila kukunja uso, kuziba tundu moja la pua na kuvuta hewa kwa lingine. Mwanzoni nilifanya kila kitu kwa kumwiga, kwa sababu nilitaka anisifu. Alinikemea.

"Usitazame mimi. Mimi mzee, mguu yangu mbovu. Tazama wewe."

Hilo ndilo lililonishinda kwa muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kumtazama kila mtu ila mimi: watoto wa wenyewe, mume, mama mkwe, wazee wa kanisa. Nilipojitazama nilikuta uchungu, na chini ya uchungu hasira ambayo sikujua ninamkasirikia nani. Ba alisema niiache hapo hapo niketi nayo. Haikuondoka, lakini nilianza kula, na usiku nililala.

Mume wangu alikuwa kibarua katika shamba la kahawa Ruiru, na Jumamosi nilikwenda kwake kwenye kambi ya wafanyakazi. Alinikuta siku moja nimeketi sakafuni nimefumba macho.

"Hiyo ni dini ya Wahindi?"

"Si dini. Ninapumua."

"Ai! Kwani mimi sipumui?" akasema, akacheka. Hakuwa amecheka tangu tumzike mtoto. Kuanzia hapo, akinikuta nimeketi, alikuwa akipita akiwa ameziba pua kwa kidole kunitania.

Kisha Hali ya Hatari, ambayo serikali ya Waingereza iliitangaza dhidi ya wapiganaji wa msituni, ikatufikia. Askari waliwapanga wafanyakazi wa shamba lote mistari, na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho akapita mbele yao akitikisa kichwa au kukiinamisha. Mbele ya mume wangu alikiinamisha. Walimpakia kwenye lori akiwa na makasi yake ya kupogolea kahawa mfukoni, na mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa ndani ya lile gunia.

Haukupita muda mrefu, sisi Wakikuyu tukaanza kuondolewa mjini. Mwenye duka alijaribu kuniombea kibali akashindwa. Ba alinisindikiza hadi mlango wa nyuma, mkono wake begani kwangu.

"Wewe fundisha," aliniambia.

"Nimfundishe nani, Ba?"

"Nani iko karibu."

Aliyekuwa karibu alikuwa mama mkwe wangu. Serikali ilibomoa nyumba za kilima chetu na kutuhamishia kijiji kipya ng'ambo ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, vibanda vimebanana, handaki pande zote, lango moja linalolindwa na homugadi, askari wa serikali waliokuwa Wakikuyu wenzetu. Yeye na mimi tulipewa kibanda kimoja. Mchana kutwa wanawake tulichimba lile handaki kwa majembe, wenye watoto wakiwa nao mgongoni. Mama mkwe alikuwa na kifua kibovu tangu zamani, na vumbi lile lilimkaba. Nilipomwambia nina njia ya kumsaidia kupumua, alinikatiza.

"Wahindi wamekaa na wewe wakakuharibu. Mimi nina Mungu wangu."

Sikubishana naye. Lakini alasiri moja tulirudi kutoka handakini akaanguka mlangoni, midomo imebadilika rangi, akitafuta hewa asiipate. Niliketi nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, nikapumua taratibu ili auhisi mwendo. "Maitu, toa kwanza," nilimwambia, kama anavyoitwa mama kwa Kikuyu. "Usivute. Toa." Polepole kifua chake kilianza kufuata changu. Kesho yake, tuliporudi, alikaa chini kabla sijaweka jembe.

"Haya," alisema. "Kaa nyuma yangu."

Majirani walisikia. Akaja mmoja aliyekuwa na maumivu ya mgongo, akaleta dada yake, na mwishowe kibanda kikajaa. Tulikuwa na muda mfupi tu, kati ya kutoka kazini na kufungwa kwa lango. Niliwanyoosha migongo, nikawafundisha kulegeza mabega, halafu tukaketi. Huko kufundisha ndiko kulikonionyesha nilivyo. Nilikuwa mkali. Mwanamke akikosea mara mbili nilimshika mkono kwa nguvu, mpaka siku moja mama mkwe akaniuliza mbele ya wote, "Na huyo mwalimu wako, alikuwa akikuvuta hivyo?" Niliuachia mkono wa yule mwanamke. Kuanzia siku hiyo nilijifunza kusubiri. Wengine walilala usingizi tukiwa tumeketi, wakakoroma, tukacheka kwa mikono mdomoni. Wengine walilia, na sikuwaambia wanyamaze. Karibu kila mmoja wetu alikuwa na mtu aliyechukuliwa.

Homugadi mmoja alichungulia kwenye ufa wa ukuta. Aliona wanawake wamekaa duara, macho yamefumbwa, wakipumua pamoja bila neno. Alipiga mlango teke.

"Mnakula kiapo!"

Walitupeleka wote kwenye kituo. Siwalaumu sana kwa kudhani hivyo. Siku zile watu walikuwa wakinyongwa kwa ajili ya kiapo cha wapiganaji, na kwa mtu aliyekwisha kuogopa, duara ni duara. Bwana shauri, ofisa wa wilaya, Mzungu kijana, alinitaka nimwonyeshe tulichokuwa tukifanya. Niliketi kwenye saruji mbele ya wanaume wenye bunduki, nikakunja miguu, nikaziba tundu la pua nikavuta hewa. Waliangua kicheko. Kitu alichonipa Ba kwa upole, nilikitoa pale kama mchezo wa sarakasi.

Mama mkwe alisimama kutoka kwenye mstari. Alimwambia mkalimani, "Mwambie huyo kwamba ananifundisha kuvuta hewa. Hata hewa imekatazwa?"

Mkalimani hakutafsiri. Walituweka katika boma la seng'enge lisilo na paa, mvua za masika zikiwa zimeanza. Tulipoachiliwa tuliambiwa kwamba tukionekana tena tumekusanyika ndani ya nyumba, tutapelekwa kizuizini waliko waume zetu. Wanawake waliogopa. Tulipokutana kisimani walinisalimia huku wakitazama kando.

Mama mkwe alirudi na homa, ikashuka kifuani. Hakukuwa na daktari, na kibali cha kumpeleka hospitali Thika kilikuwa bado kinangojewa. Niliketi nyuma yake kama siku ile ya kwanza, mgongo wake kifuani kwangu. Alikuwa amekuwa mwepesi kama mtoto. Ilikuwa adhuhuri, na nje watu walikuwa wakiitwa kurudi kazini. Nilivuta na kutoa, nikimsubiri anifuate.

"Wacha, mwanangu," alisema. "Mimi nimechoka. Pumua yako."

Nilipumua yangu. Baada ya muda nikagundua kwamba ninapumua peke yangu.

Tulimzika nje ya handaki, askari wawili wakisimama karibu. Mwanawe hakuwepo. Baada ya hapo sikuketi tena. Gunia nililokuwa nikikalia nililijaza maganda ya mahindi. Kila nikijaribu kufumba macho nilihisi ule uzito wa mgongo wake kifuani, kisha nilihisi umetoka, na sikuweza.

Sheria zilipolegea na sisi tukaanza kupewa ruhusa ya kwenda mjini, nilikwenda Thika. Mlango wa nyuma ulifunguliwa na mke wa mwenye duka. Alikuwa amevaa nyeupe, rangi ya msiba kwao. Nilijua kabla hajasema.

"Ba amekwenda," alisema. "Zamani kidogo. Alikuwa anauliza wewe."

Alinipa chai uani. Tulikaa bila maneno mengi, kwani miaka yote ile yeye na mimi tulikuwa tumezungumza habari za nguo na uji wa watoto tu. Mkeka wa Ba ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mwanamke yule aliutazama, kisha akasema kwa aibu, "Mimi hapana jifunza. Yeye iko hapa siku yote, mimi iko jikoni siku yote. Nilifikiri nitajifunza kesho."

Sikuwa nimefundisha mtu tangu kile kibanda. Niliutandika mkeka, nikamkalisha, nikaketi kando yake kwenye saruji. Nilimwambia avute polepole, kisha aache iende. Mabega yake yalianza kutetemeka. Nilimwekea kiganja mgongoni nikasubiri. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kulia tangu mazishi kwa sababu wageni walikuwa wengi na alipaswa kuwapikia. Nilikwenda kwake kila nilipopata ruhusa. Nilimfundisha yote aliyonifundisha mama mkwe wake, na njiani kurudi Ruiru nilimlilia wangu.

Mume wangu aliachiliwa karibu na mwisho wa Hali ya Hatari. Alishuka kwenye lori akiwa na goti lisilokunjika na mvi kichwani, mtu ambaye hakuwa amefika miaka arobaini. Aliuliza mama yake yuko wapi, nikampeleka. Alisimama juu ya kaburi mpaka jua likawa kali, kisha akasema twende.

Hakunieleza kule alikokuwa. Alishtuka mlango ukifungwa, na alikula kwa haraka akiwa amekumbatia sahani. Nilimwomba aketi nami. Alikubali, si kwa kuamini, bali kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Nilimwekea kigoda nje penye jua kwa ajili ya lile goti. Nilipomwambia afumbe macho, alitoka jasho.

"Siwezi," alisema. "Nikifumba naona kule."

"Basi usifumbe."

Niliketi mbele yake ili awe na kitu cha kutazama. Tulipumua hivyo, yeye akinitazama usoni, mimi nikimtazama. Haikuwa kama alivyofundisha Ba, na sikujua kama ni sahihi.

Aliajiriwa tena kwenye kahawa, kazi nyepesi ya kuchambua buni. Hatukupata mtoto mwingine. Zile mbwembwe zake za zamani hazikurudi, wala sikumwona tena akicheka mpaka machozi yamtoke. Lakini asubuhi nyingi alitoa kigoda nje mwenyewe kabla sijamwita. Asubuhi nyingine aliinuka katikati, akaenda zake kando ya mto, na mimi nikabaki pale nikamalizia.