Mgeni wa Saa Sita Mchana

“Shangazi, kwa nini hukuandika tu kwamba yule mama amewahi?”

Aliyeuliza ni binti wa kaka yake, wakati huo ana miaka minane, miguu inaning'inia kwenye kiti. Shangazi alimwambia anywe chai kabla haijapoa.

Shangazi alikuwa mlinzi wa getini kwenye kiwanda cha kushona sare. Wafanyakazi walimbatiza Kalamu, maana hata meneja akitoka kununua vocha, aliandikwa: saa ya kutoka, saa ya kurudi. Miaka kumi na moja, na daftari lake halikuwa na neno lililofutwa.

Mwaka ule ilitoka sheria mpya: mama anayenyonyesha apewe saa moja ya kwenda kwa mtoto wake. Kiwandani vigelegele vilipigwa. Tatizo, sheria haikuuliza mtu anakaa wapi. Mpiga pasi mmoja, mwenye mtoto wa miezi minne, alitembea nusu saa kwenda kwake na nusu saa kurudi. Akikaa chini kunyonyesha, tayari amechelewa. Na kuchelewa mara tatu ni kuachishwa kazi.

Siku ya kuchelewa mara ya pili alifika getini anahema. “Kalamu, mama yangu, nifichie hii robo saa.”

“Uongo siandiki,” alisema Shangazi, huku anaandika. “Ila kesho usiende popote. Mama yako amlete mtoto hapa kibandani.”

“Si watakufukuza?”

“Wewe njoo na maziwa tu. Mengine niachie.”

Kesho yake saa sita bibi alifika na mjukuu mgongoni. Mtoto hata hajashiba, meneja huyo mlangoni, kakunja uso.

“Nani karuhusu mtoto humu?”

Shangazi alimsogezea daftari lake, ukurasa wa wageni. Jina: mtoto wa mpiga pasi. Anakuja kumwona: mama yake. Shughuli: kunyonya. Kuingia: saa sita na dakika mbili.

“Na hili doa la wino kwenye sahihi?”

“Dole gumba lake, bosi. Kuandika bado hajajua.”

Meneja aliuma midomo asicheke. Kisha akafungua kurasa za nyuma, akasoma majina ya kina mama watano waliochelewa kurudi kutoka kunyonyesha: robo saa, dakika ishirini, robo saa tena. Akaondoka na daftari kwapani.

Shangazi alipata barua ya onyo. Mpiga pasi alibaki na kazi yake. Baada ya miezi miwili stoo ya vitambaa iliondolewa marobota, ikawekwa mikeka, sinki na pazia, watoto wakaletwa humo.

Juzi, Shangazi keshastaafu na binti yuko kidato cha tatu, walikuwa wanakunja nguo. Shangazi akasema, kana kwamba swali limeulizwa dakika ile ile:

“Ningeandika amewahi, wakubwa wangedhani saa moja inatosha.”